Sura ya Nne: Mivuto Mitatu

Makoye alipoletwa chumba cha mahojiano pale kituo cha polisi Kharumwa, jambo la kwanza alilofanya ni kuomba maji, na la pili ni kuuliza kama mzee amekwishazikwa.

"Amezikwa jana," Inspekta Tabu Nassibu alisema.

"Nani alishika upande wa kichwa?"

"Sikuwapo. Sijui."

"Ilikuwa nishike mimi," Makoye alisema, akanywa maji yote bila kupumzika.

Tabu alivuta kiti karibu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Tinde, binti wa muuza vitenge wa pale barabarani, na kazi ya upelelezi ameifanya tangu nywele zake hazijaanza kuchanganya mvi. Mkoa ulikuwa umemtuma kutoka Geita aje kuweka sahihi tu. Jalada lilikuwa limekamilika, walimwambia. Mzee Masele, mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, nje kidogo ya mji, amekufa kwa kuangukiwa na mwamba chini ya shimo. Mtu pekee aliyekuwa naye chini ametoka mzima, na kichwani amevaa tochi ya marehemu. Kesho mtu huyo angesomewa shtaka la mauaji. Lakini Tabu hakuwa na mazoea ya kutia sahihi kwenye maneno ambayo hakuyasikia kwa masikio yake.

"Nieleze tena," alisema. "Anzia matimba ya kushikilia mwamba yalipolia."

"Yalilia kama mtu anayevunja muwa," Makoye alisema. "Mzee akasema, hiyo ni nguzo ya kati. Tukakimbilia kamba, ule waya wa winchi. Nikavuta mivuto mitatu ya hatari, hakuna aliyeitika. Mzee akavuta mitatu, hakuna. Tukapiga kelele. Lakini huko juu kuna jenereta, afande, na sisi tuko mbali. Nani atasikia?"

"Kwa nini hamkupanda ngazi?"

"Ngazi ni magogo yaliyopigiliwa ukutani. Goti la mzee ni bovu. Kupanda hawezi." Makoye aliutazama mkono wake. "Aliniambia, tangulia wewe, ukifika juu uwaambie wavute. Mimi nabaki kwenye kamba. Nikapanda, na mwamba ukaporomoka kabla sijafika juu."

"Na tochi?"

"Yangu ilizima katikati ya vumbi. Akavua yake akanivika. Akasema kamba haihitaji mwanga."

"Watu wanasema ulimvua."

"Nimesikia wanavyosema."

"Wanasema pia mligombana gulioni siku mbili kabla. Mlitukanana mbele za watu."

Makoye alicheka kicheko kisicho na furaha. "Tulitukanana kweli. Aliniambia niondoke, niende Segese kwa wenye maduara yenye nguzo mpya, kwa sababu mimi bado kijana. Nikamwambia, mzee, una wazimu, nani atakaa na wewe chini? Akaniita ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe ni yeye. Ndiyo ugomvi wenyewe."

Tabu akalitoa lile jambo lililokuwa zito kuliko mengine yote ndani ya jalada. "Mashine ya winchi, ile ya kupandishia ndoo, inaandika kila uzito unaogusa kamba. Violeth, binti wa marehemu, ametuonyesha. Saa ile hakuna mtu aliyevuta. Mstari wa kumbukumbu yake umenyooka."

Makoye hakubisha. Jambo hilo lilimshangaza Tabu kuliko kama angepiga meza. Kijana aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Basi labda tulivuta vibaya. Nimekaa humu nikifikiri. Labda sikuvuta kwa nguvu."

*

Nyumbani kwa marehemu maturubai yalikuwa bado hayajashushwa. Wanawake walikuwa wakiosha masufuria makubwa nyuma ya nyumba, na mjane, Mama Scolastika, alikuwa ameketi juu ya mkeka na miguu ameinyoosha.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa." Alimwangalia magwanda yake. "Wewe ndiye utakayemfunga Makoye?"

"Mimi ndiye ninayeuliza, mama. Kufunga ni kwa hakimu."

"Uliza basi."

"Ulimwona mzee kabla hajavikwa sanda?"

"Nilimwona. Uso walinikataza, ulikuwa umeharibika. Nikawaambia basi nipeni mikono. Nimekaa na mikono ile tangu nikiwa binti, nani atanikataza mikono?" Alifungua viganja vyake mwenyewe, akavitazama kana kwamba ndivyo vile. "Ilikuwa imechanika humu ndani. Kulikuwa na miba ya waya, midogomidogo, imeingia kwenye nyama. Niliitoa mmoja mmoja kwa pini. Wakaniambia acha, hasikii tena. Nikasema mimi nasikia."

Tabu alipiga magoti mkekani. "Miba ya waya, mama? Si ya mawe?"

"Nalijua jiwe, mwanangu. Ule ulikuwa waya wa winchi. Nami nilishangaa, maana glavu nilimnunulia mimi, na siku ile aliondoka nazo."

"Ziko wapi sasa?"

Mama Scolastika alituma mtu ndani. Glavu zikaletwa pamoja na nguo za kazi, nzima kabisa, zimekunjwa moja ndani ya nyingine. Zilikutwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

Tabu alizigeuza. Ngozi ya glavu ilikuwa nene, ya kutosha kumzuia mtu asikatwe, lakini pia ya kutosha kumzuia asishike waya sawasawa. Mtu anayebeba mawe angezivaa. Aliyezivua, akazikunja na kuzitia mfukoni, alitaka kushika kitu kwa nguvu zake zote.

"Mama," Tabu alisema, "Makoye alikuwa nani humu ndani?"

"Alikula humu. Akiumwa alilala humu." Mjane alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Jana walimkataza kaburini wakasema yuko ndani. Hata udongo hakutupa. Mimi sijui kama aliua, sijui kama hakuua. Binti yangu amesoma, anasema mashine imeonyesha. Mimi nitasema nini?"

*

Duara la Mzee Masele lilikuwa juu ya kilima chenye mawe mekundu. Mdomo wa shimo ulikuwa na fremu ya chuma, puli ya kupitishia kamba, na winchi ya umeme iliyofungwa kwenye zege. Kwa siku za karibuni wakaguzi wa migodi walikuwa wamekataza watu kupita ngazi ya kwanza, jukwaa la mbao pale ambapo nguzo zilikuwa imara. Chini zaidi palizungushiwa utepe.

Enock, mvuta winchi, alisimama mara tu alipoona gari la polisi. Alikuwa mtu mzima, bega moja limeshuka kuliko jingine kwa miaka mingi ya kuzungusha winchi ya mkono kabla hii ya umeme haijaja.

"Nimeshasema yote, afande. Nilikuwa hapa, sikulewa, sikulala. Kengele haikulia."

"Nani kasema ulilala?"

"Hakuna. Ila ukisimama na polisi, mdomo unajitetea wenyewe."

Violeth alitoka kibandani, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa fundi wa mitambo aliyesomea Mwanza, msichana mrefu mwenye sauti ya kunyooka, na macho yake yalikuwa yamevimba. Alimsalimia Tabu, akamkaribisha ndani palipokuwa na meza, kompyuta, na kisanduku cha kijivu kilichounganishwa kwa nyaya.

"Nieleze kama unayemweleza mtu wa duka la vitenge," Tabu alisema.

Violeth alinyoosha kidole dirishani. "Pale juu ya puli kuna kipande cha chuma kinaitwa loadseli. Kamba ikivutwa, kile chuma kinajipinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Kikijipinda kinatoa umeme mdogo mno. Hiki kisanduku ndicho kisomaji: kinaupokea ule umeme, kinaugeuza kuwa kilo, kinaipa mota habari. Mota imeagizwa kuishika kamba kwa nguvu ileile, isilegee ikajikunja, isikaze ikakatika. Na mtu wa chini akivuta ishara, kisomaji kinaona uzito umepanda, kengele inalia kwa Enock."

"Kwa hiyo Enock hashiki kamba?"

"Nilimkataza. Zamani alikaa na kiganja juu ya kamba siku nzima. Ile winchi ya mkono ilimkata kidole." Enock, aliyekuwa mlangoni, aliinua mkono kuthibitisha. "Niliwawekea uzio wa wavu. Ni usalama."

"Nionyeshe saa ile."

Violeth alifungua kumbukumbu. Mstari wa buluu ulipita kwenye skrini, ukapanda palipopandishwa mawe, ukashuka, ukatulia. Juu yake kulikuwa na mstari mwekundu: uzito ukiuvuka, kengele inalia. Saa ya ajali mstari wa buluu ulilala chini kabisa ya ule mwekundu.

"Unaona?" Violeth alisema. "Sina chuki na Makoye. Nimekua naye. Lakini mashine haina shemeji, afande. Haimpendelei mtu."

Tabu aliinama hadi pua ikakaribia kioo. "Haujanyooka."

"Umenyooka."

"Hapa una kijilima. Na hapa kingine. Na hapa."

"Hizo ni kelele za kifaa, hazina maana. Jenereta inatikisa fremu, umeme wake nao una mitetemo. Kila kifaa kina kelele."

"Asubuhi ya siku hiyohiyo jenereta ilikuwa inawaka?"

"Ndiyo."

"Vijilima vya asubuhi viko wapi?"

Violeth aliurudisha mstari nyuma. Wa asubuhi ulikuwa laini kama uzi wa mshonaji. Akautazama muda mrefu. "Mota ilikuwa imepoa," alisema hatimaye, lakini aliyasema kama anayeuliza.

Tabu alivuta stuli akaketi. Aliziweka zile glavu juu ya meza, akaeleza habari ya miba ya waya. Hakupandisha sauti wala hakuharakisha. Alipomaliza, Violeth alikuwa amezichukua glavu na kuzikumbatia.

"Baba alivuta?"

"Viganja vyake vinasema alivuta. Kisanduku chako kinasema hakuvuta. Mimi viganja naona havina sababu ya kudanganya, na kisanduku nacho hakina. Sasa nataka kujua habari za hiki kisanduku. Ulikichaguaje?"

Violeth alikwenda rafuni, akashusha katoni, akatoa kisanduku kingine, cha kijani. "Hiki ndicho cha kwanza. Kinasoma mara elfu moja kwa sekunde. Nilipokinunua niliona fahari, nikafikiri kadiri kinavyosoma haraka ndivyo kilivyo bora. Kumbe kilisoma kila kitu. Mtu akikohoa karibu na puli, kimesoma. Na mota ilikuwa inakitii. Kikisema kilo zimepanda kidogo, mota inalegeza, zimeshuka, inakaza. Kamba ikawa inacheza kama mbuzi aliyefungwa. Ndoo inagonga kuta. Watu wakaogopa kupanda."

"Mimi niliiita ile winchi shetani," Enock alisema. "Nilisema waziwazi, msichana ametuletea shetani kutoka Mwanza."

"Alisema," Violeth alikubali, na kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita. "Baba akaja kibandani jioni. Akaniambia, mwanangu, mtulize huyu, naogopa kwa ajili ya wenzangu. Nikatafuta. Nikachagua hiki cha kijivu. Kinasoma mara kumi tu kwa sekunde, tena hakitoi kinachokisoma papo hapo, kinakusanya na kutoa wastani. Kwa kuituliza mota ndicho kinachofaa. Kila kitabu kitakwambia hivyo. Kamba ikatulia. Baba alipanda siku ile ndani ya ndoo ameketi kama anayeenda harusini. Hakupanda tena ngazi kwa lile goti. Ndiyo sababu niliijenga yote hii, afande. Kwa ajili ya goti lake."

Tabu alikigusa kile cha kijivu. "Ulipokibadilisha, ulikijaribu?"

"Nilijaribu kila kitu. Uzito mdogo, uzito mkubwa. Nilijaribu mvuto mmoja, simama. Nilijaribu miwili, pandisha. Kengele ililia zote."

"Huvutwaje hiyo?"

"Polepole," Enock alidakia. "Mtu anajining'iniza na uzito wake wote, anahesabu pumzi, anaachia. Ndivyo tulivyofundishwa sote."

"Na mitatu?"

Enock alitazama nje. Violeth alikirudisha kisanduku cha kijani kwenye katoni.

"Mitatu huvutwaje?" Tabu alirudia.

"Haraka," Enock alisema kwa shingo upande. "Haraka na mifupi, kama moyo wa mtu aliyekimbia. Ili isichanganywe na mingine; kwenye hatari hakuna anayevuta mingine."

"Nani aliijaribu mitatu kwenye kisanduku cha kijivu?"

"Mitatu haijaribiwi, afande," Enock alisema. "Wewe si mtu wa maduarani. Mitatu ni ya hatari peke yake. Ukiivuta bure unaliita duara likufunge. Mtu anafundishwa kwa mdomo siku ya kwanza anaposhuka, na anaomba Mungu asiivute mpaka azeeke. Niliwahi kumwona mtu akichapwa kwa kuivuta kwa mzaha."

Tabu alimgeukia Violeth. "Na wewe uliyesoma?"

"Mimi ni mtoto wa mchimbaji," Violeth alisema taratibu. "Nilishika kamba. Nikasema nitaivuta. Mkono ukakataa. Nikajiambia, kama miwili imelia, mitatu itashindwaje?"

*

Tabu alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani, akaomba ya wachimbaji.

"Afande unafanya nini?" Enock aliuliza.

"Nashuka ngazi ya kwanza. Nitavuta."

"Hapana. Mimi sitakushusha kwa kazi hiyo. Mitatu haivutwi bure."

"Si bure. Kuna mtu yuko mahabusu."

Enock alikuna shingo. Alimtazama Violeth, akatazama shimo, akatazama viatu vya Tabu vilivyopakwa rangi asubuhi. "Ndoo hii imebeba mawe na watu wa mawe," alisema. "Haijawahi kubeba cheo." Kisha akaenda kwenye winchi, akafanya ishara ya msalaba, akakaa.

Tabu alishuka. Mwanga ulipungua, ukawa duara dogo la samawati juu ya kichwa, na harufu ya udongo mbichi ikampanda puani. Ndoo ilipogusa ngazi ya kwanza alikanyaga mbao, akasimama pembeni, akaegemea ukuta uliokuwa ukitoa maji. Sauti ya jenereta ilisikika kwa mbali, kama ya gari linalopita barabara nyingine. Alivua glavu alizopewa. Akashika waya.

Akavuta mitatu, haraka na mifupi.

Akasubiri.

Waya ulitetemeka kidogo mkononi mwake, ukanyamaza. Kengele haikulia. Alivuta tena, kwa nguvu zaidi, mpaka bega likauma. Kimya. Akaita, "Enock!" Sauti ikamrudia ukutani. Akavuta mara ya tatu, akahisi kitu kama sindano kikiingia kwenye kiganja. Juu, lile duara la samawati halikubadilika. Wingu dogo lilipita ndani yake, likatoka.

Alipojining'iniza kwa uzito wake wote, mara mbili, polepole, kengele ililia papo hapo, na ndoo ikaanza kumpandisha.

Alipofika juu Enock alimpa mkono kumtoa. "Umekaa sana, afande. Ulikuwa unajiandaa?"

"Nimevuta mitatu. Mara tatu."

Enock aliutoa mkono wake. "Hakuna kilicholia. Nilikuwa nimekaa hapa. Sikutoka. Violeth, niambie, nilitoka?"

Violeth alikuwa amesimama mbele ya skrini. Juu ya mstari wa buluu, chini kabisa ya ule mwekundu, vilikuwa vimejitokeza vijilima vitatu, laini, vya chini, vinavyofanana na vile vya siku ya ajali kama mayai ya kuku mmoja.

"Kila mitatu imekuwa kijilima kimoja," alisema. "Inapanda na kushuka kabla kisomaji hakijahesabu. Halafu kinachukua wastani. Ule mvuto wa haraka unagawanywa na ule utulivu unaouzunguka." Aliongea kama anayesoma mbele ya darasa, lakini machozi yalikuwa yakishuka bila yeye kuyafuta. "Miwili inapita kwa sababu mtu anajining'iniza. Mitatu haiwezi kupita. Haikuwahi kuweza, tangu siku nilipokifunga."

"Funga kile cha kijani," Tabu alisema kwa upole. "Nataka ushahidi kamili. Zima mota, iache kengele tu."

Violeth alizihamisha nyaya, akakaza skrubu, akaiacha kengele kwenye kipimo kilekile cha mstari mwekundu. Safari hii Tabu hakushuka. Mota ikiwa imezimwa, alipanda ngazi ya pembeni, akapitisha mkono ndani ya wavu, akaushika waya chini ya puli.

Mvuto wa kwanza, kengele. Wa pili, kengele. Wa tatu, kengele. Kwenye skrini ilisimama miiba mitatu mirefu, ikiuvuka mstari mwekundu.

Enock alikaa chini juu ya zege, akafunika uso kwa kiganja chenye kidole kilichokatwa. "Ningeweka mkono," alisema. "Kama ningeweka mkono tu juu ya kamba, kama zamani."

"Nilikukataza mimi," Violeth alisema.

Alirudi kwenye kompyuta, akaifungua tena kumbukumbu ya siku ya ajali. Tabu alitaka kumzuia, akaona hana haki hiyo. Violeth aliweka kidole kwenye kijilima cha kwanza, akakisogeza hadi cha pili, akaendelea. Vile viwili vya mwanzo vilikuwa karibukaribu: watu wawili wakipokezana. Baada ya hapo kulikuwa na nafasi, muda wa mtu mmoja kuvikwa tochi na kuanza kupanda. Kisha vikafuata vingine, kimoja baada ya kimoja, vya mtu mmoja. Vilikuwa vingi. Kila kimoja kilikuwa kidogo kuliko kilichotangulia. Mwishoni kulikuwa na kilima kimoja kikubwa kuliko vyote, nacho kisichoufikia mstari mwekundu, mwamba ulipogonga ndoo, na baada ya hicho mstari ulikwenda umenyooka mpaka ukingoni mwa skrini.

"Hakuacha," Violeth alisema.

"Hapana," Tabu alisema. "Hakuacha."

"Utaandika nini, afande?"

"Nitaandika hivyo. Kwamba walivuta, wote wawili. Kwamba mvuta winchi alikuwa mahali pake. Kwamba kisomaji kilichochaguliwa kinafaa kutuliza mota, hakifai kusikia ishara, na kwamba hakuna aliyejaribu."

"Andika na jina langu."

"Nitaliandika. Yatakayofuata yataamuliwa na wakubwa, na sitakuficha lolote." Tabu alivaa kofia yake. "Lakini kwanza kuna mlango wa kufungua."

*

Njiani kwenda Kharumwa walipita nyumbani. Violeth aliingia, akakaa ndani na mama yake muda. Hakuna kilio kilichosikika. Walitoka wote wawili, Mama Scolastika amemshika binti yake kiwiko kama anayemsaidia mgonjwa, akamsindikiza mpaka mlango wa gari.

"Inspekta," mjane aliita. "Ile tochi mnayo ninyi?"

"Iko kituoni, mama. Ni kielelezo."

"Mkimaliza nayo, msiniletee mimi. Mume wangu alikwishaitoa."

Pale kituoni Tabu alizungumza na mkuu wa kituo mlango ukiwa umefungwa. Ilichukua muda, maana mtu haachi jalada lililokamilika kwa urahisi. Alipotoka alikuwa na karatasi ya dhamana ya polisi. Shtaka la mauaji halingesomwa kesho. Makoye aliletwa kaunta, hana mkanda wala kamba za viatu, akasimama akipepesa macho kwa jua la mlangoni.

Alipomwona Violeth alirudi nyuma hatua moja. Alidhani amekuja kumlaani.

"Dada," alisema haraka, kabla hajaulizwa, "naapa nilivuta. Labda vibaya, sijui. Mkono ulikuwa na jasho. Labda kama ningevuta kwa nguvu zaidi..."

Violeth alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alikuwa ameyapanga kwa utaratibu wake wa fundi, kisomaji kwanza, wastani baadaye, kosa lake mwisho. Hakuna hata moja lililotoka. Alimshika viganja vyote viwili, akavigeuza juu, akaiona miba midogo ya waya iliyokuwa imeanza kutunga usaha.

"Mlivuta vizuri," alisema. "Kaka, mlivuta vizuri. Ilifika mpaka juu."

Makoye alimtazama Tabu, kana kwamba habari ya namna hiyo inahitaji kuthibitishwa na serikali. Tabu aliitikia kwa kichwa.

Ndipo kijana alipoketi sakafuni, pale pale mbele ya kaunta, akalia kwa sauti kama mtu aliyepelekewa taarifa ya msiba siku hiyo. Violeth aliketi kando yake. Askari wa zamu aliinuka ili awaambie kwamba pale hapakaliwi, Tabu akamzuia kwa mkono, na kiganja cha mkono huo kilikuwa na tone dogo la damu ambalo alikuwa bado hajalifuta.